Swali Lililobaki Chini ya Lipu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikimwagia ukuta maji ili nipige lipu. Ningependa isirudi, lakini kumbukumbu haina komeo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, fundi mwashi, nina nyumba ya vyumba viwili niliyoisimamisha mwenyewe hapa Mbagala, mke mmoja, mtoto mmoja, na kiburi cha kuwatosha watu kumi.

Nikwambie kwanza mie ni nani. Sikusoma. Nilisoma darasa la nne kule Pugu, baba akafariki, nikashika karai. Ufundi sikufundishwa na mtu, niliuiba kwa macho. Kuta zangu zimetapakaa kuanzia hapa mpaka Tegeta, nenda kazitazame, hutaona hata moja iliyoinama. Sisemi haya kwa majivuno. Hapana, huo uongo. Nasema kwa majivuno, na majivuno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Mke wangu aliitwa Zuhura. Yeye alifika kidato cha pili, kisha masomo yakakatika, kwao walikuwa wengi na yeye ndiye mkubwa wa kike. Nilipomwoa alikuja na sanduku la nguo, na chini ya nguo yalikuwamo madaftari yake. Alikuwa na nia moja: afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, afaulu, akasomee uuguzi. Masomo mengine hayakumsumbua. Lililomkalia kooni ni aljebra, zile hesabu zenye herufi ndani yake. Akaamua aianze upya, peke yake, kuanzia mwanzo kabisa.

Sasa, nyumba ya fundi huwa ndiyo ya mwisho kupigwa lipu. Unapamba za wenzio, yako inabaki tofali wazi. Ukuta wetu wa uani, ule unaotazama jiko, ulikuwa hivyo, na Zuhura akaufanya ubao. Mkono mmoja anakoroga uji wa Mwajuma, mtoto wetu, mkono wa pili ana kipande cha mkaa. Alikuwa akisema daftari ukilifunga unasahau, ila ukuta haufungiki. Ukijaa anaufuta kwa kitambaa cha maji, anaanza tena. Mie nikirudi kutoka kazini naikuta aljebra imesimama pale, mistari na mistari, x huku, x kule. Nikawa namcheka. Nilimwambia herufi hazipikiki.

Alasiri moja aliniita. "Baba Mwajuma, hebu njoo. Hii ni kazi yako, sema huijui jina."

Akaniuliza, "Una marundo mawili ya tofali, yamefunikwa turubai, yako sawasawa. Nje ya turubai kuna tofali tatu. Zote pamoja ni kumi na tano. Kila rundo lina ngapi?"

Nikajibu hapo hapo, "Sita."

"Umejuaje?"

"Nimeona tu."

"Jibu umelipata," akasema, "mie nakuuliza njia. Leo umeona kwa macho. Siku turubai zikiwa pande zote mbili za hesabu, utaona nini?"

Zuhura akachukua mpira wangu wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tunaojaza maji kupimia usawa wa ukuta. Akanishikisha ncha moja, yeye akashika nyingine.

"Maji ya kwako na ya kwangu yako sawa?"

"Yako sawa. Mpira hausemi uongo."

"Ukinyonya kidogo kwako?"

"Na kwako yatashuka."

"Basi ndiyo aljebra yenyewe. Hii alama ya sawasawa katikati ni mpira wako. Ukitoa tatu huku, unatoa tatu na kule. Na hii x si mdudu. Ni kitu usichokijua, umekipa jina ili uendelee na kazi bila kukiogopa."

Mwanangu, nilielewa. Sikumwonyesha, lakini nilielewa, na kifua changu kikawa chepesi kama nimetua mfuko wa saruji. Siku tatu nne nikawa nawahi kurudi. Nakaa kwenye ndoo niliyoipindua, ananipa la kwanza, ananipa la pili. Nikikosea hacheki. Husema tu, "Angalia mpira." Nilijiona mwanafunzi, na wala sikuona vibaya.

Kisha siku moja akaniachia gumu. Aliliandika juu kabisa ya ukuta, kwa herufi kubwa, na chini yake akaandika jina langu: *Hili la Omari.* Lilikuwa na x pande zote mbili. Nililitazama siku ya kwanza, nikashindwa. Ya pili, nikashindwa. Ya tatu nikapita nikiinamisha kichwa kama namkwepa mtu. Neno moja tu lilitosha: Zuhura, hapa nimekwama. Sikulisema. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mie ujinga wangu niliuficha nikidhani ni heshima.

Ndipo akaja Maganga. Huyu alikuwa fundi mwenzangu, Mnyamwezi, na sie Wazaramo na wao ni watani. Unajua utani wa kwetu. Mtani anaweza kukutukana msibani na ukamkaribisha chai. Hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mjinga. Alikuja kuazima pima maji langu, lile la ubao, akasimama uani, akasoma ukuta.

"Huyu Omari ni wewe?"

"Ni mie."

"Ah. Umepewa kazi ya nyumbani." Akazunguka akitazama, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. "Wazaramo bwana. Mke anakuchorea ukutani kama mtoto wa chekechea. Na akisahihisha, anakuchapa au anakufinya sikio?"

"Hesabu zake hizo."

"Jina ni lako. Na naona hujajibu." Akachukua pima maji langu, akafika mlangoni. "Kesho nawaambia kule kazini, fundi wetu bado anasubiri vema ya kwanza."

Nilicheka. Ilinipasa kucheka, mtani ni mtani. Lakini lile neno "hujajibu" liliingia, likakaa. Maganga nisingeweza kumgusa. Zuhura alikuwa amekwenda Temeke kwa mama yake, atarudi alasiri. Nikautazama ukuta.

Nilikuwa na mfuko na nusu wa saruji uliobaki kazini, na mchanga uko nje. Nikachanganya. Ukitaka lipu ishike, unauloweka ukuta kwanza. Nilichota kopo la maji nikarusha juu, pale penye jina langu, na mkaa ukaanza kuchuruzika. Niliona x zikishuka nyeusi juu ya tofali, zinaingia katika nyingine za chini yake, mpaka hujui ipi ni ipi. Ningeweza kusimama pale. Sikusimama. Nikashika mwiko. Na nikajidanganya, mwanangu, usidhani nilijiambia ukweli. Nilijiambia nampa mke wangu zawadi, mwanamke gani hataki nyumba iliyopigwa lipu? Nikaipiga vizuri. Lipu safi kuliko zote nilizowahi kupiga, ukipitisha kiganja unadhani ni sahani.

Zuhura aliporudi, kamshika Mwajuma mkono, alisimama uani hata hakushusha kikapu.

"Nimekupigia lipu," nikamwambia.

Akatazama juu, akatazama chini. Akaniuliza kitu kimoja tu. "Lile lako ulilifanya?"

Nikasema, "Nyumba ya watu hii, si shule."

"Sawa, Baba Mwajuma," akasema. Akamkalisha mtoto, akawasha jiko.

Hakulia wala hakusema na majirani. Ningemshukuru Mungu kama angenitukana. Madaftari aliyarudisha chini ya sanduku. Siku ya mtihani ilipofika niliijua, aliwahi kunitajia mara nyingi. Asubuhi ile aliamka akanipikia chai, akafua, akaanika. Nilikaa kwenye mkeka nikinywa chai, ulimi una neno moja tu, nenda. Nenda, mke wangu, muda bado upo. Nikamaliza chai, nikabeba zana zangu, nikaenda kazini. Ile lipu ni kosa la hasira. Ile chai ndiyo inayonitoa machozi mpaka leo, maana siku ile sikuwa na hasira, nilikuwa na haya tu, na nikamwacha akae.

Tuliishi vizuri baada ya hapo, wala sisemi tuliishi vibaya. Alifuma vitambaa vya makochi, akanilelea watoto watatu, akanizikia mama yangu. Lakini hakuwahi kuniita tena, "Hebu njoo." Alipougua, akalazwa, aliwatazama wauguzi wanavyoandika kwenye kadi yake, akaniambia yule mwembamba anashika kalamu vizuri. Basi. Wiki ile ile tukamrudisha nyumbani kwa kumzika.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja kweli, Nasra, binti wa Mwajuma, kidato cha kwanza, likizo iliyopita. Nilimkuta amekaa uani, mgongo umeegemea ukuta ule ule, daftari kalitupa chini.

"Kuna nini, mama?"

"Shikamoo babu. Hakuna."

"Marahaba. Kama hakuna, daftari lisingekuwa chini."

"Ni aljebra, babu. We' huwezi kujua. Naacha tu, kwani herufi hizi nitakuja kuzipika?"

Maneno yangu yale, yametoka kinywani mwa mjukuu wa Zuhura. Nikaenda kuchukua mpira wa maji. Nikamshikisha ncha moja. Nikamwambia kila nilichoambiwa, neno kwa neno, na akafumbua macho akanitazama kama hanijui. Mpira niliumaliza, lakini baada ya mpira sikuwa na kitu, kwa kuwa mie niliishia pale. Nikamwambia, "Hapa nimekwama, mama. Nifundishe." Miaka zaidi ya arobaini, na neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo.

Akanifundisha. Mzee mzima, miwani puani, tulikaa wiki mbili. Zile za x pande zote mbili zikafunguka siku ya Jumamosi. Jumapili asubuhi nikachukua tindo na nyundo.

Nilikuwa na wazo la kijinga, kwamba labda lipu imeyashika maandishi kwa nyuma. Niligonga pale juu, likabanduka pande kubwa, Nasra akalidaka. Tukaligeuza. Kijivu. Tofali nayo kijivu. Palikuwa na doa tu, kama mtu kafuta kidole.

"Lilikuwaje hilo swali, babu?"

"Lilianza na tano x. Mbele yake sikumbuki."

Akafikiri. "Basi nikutungie lingine."

Akaandika kwa mkaa pale penye tofali wazi: tano x toa saba, sawasawa na tatu x jumlisha tisa. Nikatoa tatu x huku na kule. Nikaongeza saba huku na kule. Zikabaki x mbili sawasawa na kumi na sita, nikagawa kwa mbili, nikapata nane. Akanipigia vema kubwa ya mkaa. Nikamshukuru, nikaenda kukaa mbele ya nyumba peke yangu. Njia sasa ninayo, mwanangu. Swali ndilo sina, wala aliyelitunga.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mie niliuziba ukuta, nikafungua ufa. Kwa hiyo nisikilize mie nisiyesoma. Ukikwama, sema umekwama, tena kwa yule yule aliyekuzidi, akiwa mkeo, akiwa mdogo wako, akiwa mtoto wako. Kitu usichokijua kipe jina, ukiweke mezani, usikipige lipu. Mtani akikucheka, cheka naye, kisha rudi kwenye swali lako, maana yeye ataondoka na pima maji aliloazima, wewe utabaki na ukuta. Na ukimwona mtu wako ameshika kalamu, hata mkaa, usimzibie mwanga. Kama ulishamkosea, na muda bado upo, usimalize chai. Mwambie nenda.

Ukuta ule sijauziba, na Nasra akija anaujaza. Mungu akupe wa kukufundisha, mwanangu, akupe na shingo ya kuinama mbele yake. Kila utakachokitafuta ukipate ungali na wa kumwonyesha.