Tundu katika Kila Nakala ya Kimondo

Nakala thelathini na nne. Zote zina tundu, na zote mahali pale pale.

Nilizipanga juu ya meza ya maktaba pale Dundee, nikazifungua karatasi ya mwisho moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa imekatwa kipande cha ukubwa wa kiberiti, pembeni chini.

Na ndani ya vipande hivyo visivyokuwepo ndimo lilimokuwa jina la mtu niliyeapa kumtetea.

Naitwa Rhona Petrie, mwanafunzi wa fasihi, mwaka wa tatu. Mtu mwenyewe ni Mzee Dougal Crombie, miaka themanini na minne, anayekaa ghorofa ya chini yangu pamoja na mkewe, Bi Effie. Kwa miaka sita, kila wiki, aliandika hadithi ya Nahodha Torrin wa Zohali katika jarida la katuni la watoto lililoitwa Kimondo, ambako Bi Effie alikuwa karani wa ofisi.

Jina lake halikuchapwa hata mara moja. Wahariri wa zama zile hawakuwa na mchezo. Sahihi ikionekana pembeni mwa picha, inapakwa rangi nyeupe kabla mtambo haujaanza kuzunguka.

Sasa maktaba ilikuwa inaandaa maonyesho ya katuni za kale, na msimamizi, Bwana Laird, alikwisha chapa kibao cha Nahodha Torrin: "Mwandishi hajulikani."

"Anajulikana," nilimwambia. "Anakaa chini ya chumba changu na anakohoa kila asubuhi."

"Binti, kukohoa si ushahidi. Niletee kitu cha kushika mkononi kabla ya Ijumaa."

Nikashuka kwa Mzee Crombie. Nilimkuta mezani na Bi Effie, wakinywa chai kwa biskuti za siagi.

"Jina langu limo," alisema, macho yakimeta kama ya mtoto aliyeficha chura mfukoni. "Mhariri alikagua pembe za ukurasa. Mimi nikamwagiza mchoraji aandike ubavuni mwa chombo cha Nahodha, picha ya mwisho, herufi ndogo kama chawa. Kila wiki!"

Kijiko cha Bi Effie kikamponyoka.

"Kunywa chai yako, Dougal," alisema.

"Na usisahau, Rhona," Mzee akaendelea, "nilishika namba moja miaka sita mfululizo! Kwa kura za watoto wa nchi nzima. Hilo uliandike kwa herufi kubwa."

Nikamwahidi. Mimi ahadi yangu huwa siichezei.

Waliokua wakisoma majarida yale wanazijua zile kura. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kuponi. Unaikata, unaandika hadithi tatu unazozipenda, unaituma ofisini. Hadithi ikiburura mkia wiki nane, inauawa. Shujaa anagonga jua, basi, kwaheri.

Tatizo ni kwamba nyuma ya kuponi ile ilikuwa picha ya mwisho ya Nahodha Torrin. Kila mtoto aliyepiga kura aliondoka na ubavu wa chombo.

Ndiyo matundu yangu thelathini na manne.

Nilikaa pale maktaba nikitafuna kalamu. Halafu nikashtuka. Tundu liko hapa, lakini kipande kilikwenda wapi? Kilikwenda ofisini! Na ofisini kulikuwa na mtu aliyehesabu kura.

Mtu huyo alikuwa ndiye aliyeangusha kijiko.

Nilingoja Mzee aende kwa kinyozi, nikabisha hodi.

"Bi Effie, si wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu kuponi?"

Aliingia chumbani, akarudi na kopo kuukuu la biskuti.

Ndani mlikuwa na kuponi, moja kwa kila wiki. Nikaigeuza ya kwanza, nikasogea dirishani.

"EFFIE, CHAI JUMAMOSI?"

Nikageuza nyingine. "EFFIE, HATA NUSU KIKOMBE?"

Nyingine. "EFFIE, MVUA SI SABABU."

Wiki ya thelathini na saba: "EFFIE, ASANTE. NA ILE SKETI YA KIJANI!"

Mwaka wa nne: "EFFIE, MAZIWA YAMEKWISHA."

"Lakini aliniambia ni jina lake!"

"Angekwambia nini, mwanangu? Kwamba alitumia jarida la watoto kunitongoza?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Ushahidi ndio huo, na wenye jina la mkewe juu! Ndipo nikaona daftari dogo chini ya kopo. Nikalifungua kabla hajanizuia.

Hesabu halisi za kura. Wiki ya kwanza, Nahodha Torrin: wa sita kati ya sita. Wiki ya pili: wa sita. Wiki ya mia moja: wa sita.

"Bi Effie. Uliiba kura?"

"Nilizihamisha tu."

"Miaka sita?"

"Torrin angeuawa wiki ya nane," alisema, akilifunga kopo. "Na mimi nilitaka kuisoma ya wiki ya tisa. Dougal hajui. Ile namba moja ndiyo inayomwamsha asubuhi."

Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Mimi ni mtu ambaye hata kalamu ya maktaba nairudisha.

Bwana Laird alizisoma kuponi, akavua miwani kwa kucheka, akakubali: jina la Dougal Crombie litawekwa. Maelezo ya kibao akaniachia mimi. Nikaandika yote, ila nilipofika kwenye "namba moja" mkono ukagoma. Nikairuka.

Jumamosi maonyesho yakafunguliwa. Mzee alikuja amevaa tai. Akakisoma kibao mara moja, akakisoma tena.

"Rhona. Namba moja yangu iko wapi?"

Bi Effie alinitazama kama anayetazama kikombe kikibingirika kuelekea ukingoni mwa meza.

Nikafungua kinywa.

"Samahani," ikasema sauti nyuma yangu. "Nimeleta za kwangu."

Alikuwa mama wa karibu miaka sabini, koti la mvua, mfuko mzito wa plastiki. Jina lake Netta, ametoka Arbroath kwa treni. Akatoa rundo la Kimondo, akafungua moja karatasi ya mwisho.

Haikuwa na tundu.

Akafungua ya pili, ya kumi. Hata moja haikukatwa.

"Mama, wewe hukupiga kura?" nikamuuliza.

"Nikate mwisho wa Torrin? Una akili timamu wewe? Waliokata ni wapenzi wa zile hadithi nyingine. Sisi wa Torrin tungekataje?"

Bwana mmoja mwenye kofia akadakia: "Mimi mama yangu alinipa mkasi, nikauficha chini ya godoro!"

Nikaanza kuelewa taratibu. Kumpigia Torrin kura ilikuwa ni kumkata Torrin. Waliompenda zaidi ndio hawakutuma kitu.

Bi Effie akakaa kitini.

"Halafu tulikuwa tunasubiri," Netta aliendelea. "Wiki thelathini na saba, darasa zima, kama yule Effie atakubali chai! Tulidhani ni malkia wa Zohali."

Mzee Crombie akaiva uso hadi masikioni. Akanyoosha kidole pole pole kumwonyesha mkewe.

"Wewe ndiye Effie?" Netta akamgeukia.

"Ndiye mimi."

"Dada, sasa mbona ulitutesa vile?"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Katikati ya kelele zile Bi Effie alimvuta mumewe kwa tai, akamnong'oneza. Niliiona midomo ikisema "kura".

"Kumbe!" Mzee akasema. "Zaidi ya miaka hamsini unanikatia kipande kikubwa cha pai, nami nilikuwa nadhani ni mapenzi."

"Ni mapenzi, mpumbavu wewe."

Jioni ile nikaandika kibao upya, Mzee mwenyewe akisimamia kila neno: "Dougal Crombie. Wa sita kwa kura. Wapenzi wake walikataa kukata."

Funzo nililolipata mimi ni hili: ukiambiwa hakuna aliyependa kazi yako, kwanza uliza watu walitakiwa kuharibu nini ndipo waonekane wameipenda.

Na ukimkuta mtu anayehesabu kura akitabasamu peke yake, geuza kuponi.