Nilivyoozesha Samaki wa Harusi kwa Intaneti ya Nyaya za Umeme

Ndugu msomaji, samaki wa harusi ya binti wa jirani yangu niliwaozesha mimi. Halikuwa joto, haukuwa mgao wa umeme, wala hakuwa mchawi kama wengine walivyosema. Ni mimi, mtu mzima mwenye mke, ninayevaa shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni hata siku ya Jumapili. Jina langu siliandiki, ingawa mtu wa mtaa wetu wa Mangobo akisoma hapa atanitambua na kucheka.

Nisikilize kwanza, halafu unihukumu.

Hapa Kisangani watu walikuwa wananiita Ingénieur, yaani mhandisi. Masomo ya umeme sikuyamaliza. Nilikwama mwaka wa mwisho na sikurudi. Lakini watu wakikuita hivyo asubuhi, mchana wakarudia, ikifika jioni umeshaanza kuitikia. Mimi niliitikia vizuri mno. Mtu akiniletea redio iliyokufa, naifungua na kuitazama kwa huzuni kama daktari, hata pale ambapo sioni kitu.

Tulikuwa nyumba tatu ndani ya parcelle moja, yaani kiwanja kimoja, tukizunguka ua mmoja, na umeme wote ukiingia kwa kebo moja. Nyumba ya kwanza ni yangu na mke wangu, Clarisse. Ya pili ni ya Mama Béatrice, ambaye mume wake anavua kule kwenye maporomoko ya mto, naye mwenyewe anauza samaki. Friza yake kubwa ya zamani inakaa barazani, kwa sababu siku ilipoletwa haikupita mlangoni. Ya tatu ilikuwa ya Tonton Rashidi, mchomeleaji wa vyuma, Mwislamu aliyetoka Kindu. Mpole sana. Milango ya chuma unayoiona kwenye avenue yetu, mingi ni kazi ya mikono yake.

Binamu yangu alirudi kutoka Kampala na zawadi: visanduku vidogo vya kuchomeka ukutani. Kimoja unakichomeka kwenye nyumba yenye intaneti, kingine kwenye nyumba ya jirani, na intaneti inapita ndani ya waya uleule unaoleta umeme. Huchimbi mtaro, hupandi mlingoti. Mimi nilikuwa na intaneti ya antena juu ya paa. Nilipovijaribu na simu ikashika mtandao ndani ya nyumba ya Tonton Rashidi, nilikaa chini. Niliona Mangobo nzima inapata intaneti kwa nyaya za umeme, halafu Tshopo, halafu Kabondo, na mimi nikikatiza mji ndani ya gari lenye jina langu ubavuni.

Clarisse alinitazama akasema, "Papa, courant yenyewe, umeme huu, haifike kila siku. Sasa internet itapita juu ya nini?"

Nilimwambia asivunje moyo wa watu. Watu wenyewe nilikuwa mimi peke yangu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Kinshasa, aliyekulia Bukavu, ambaye kampuni yake ilitafuta mafundi wa kusambaza intaneti mitaani. Alikubali nimwonyeshe kazi yangu kwa video siku ya Ijumaa. Tonton Rashidi alikuwa anakwenda Kapalata kwenye matanga ya shemeji yake, akaniachia ufunguo. "Tumikisha nyumba, mutoto yangu," aliniambia. "Kama kazi yako ikiendelea, sisi wote tutafaidika." Nikachomoa mashine yake ya kuchomelea na kuchomeka kisanduku changu palepale.

Bwana alipopiga, picha ilikatakata. Uso wake ulikuwa vipande vipande, sauti kama ya mtu anayezama. Nilijua sababu. Injini ya friza ikizunguka, inatia fujo ndani ya waya. Sikio la mtu halisikii kitu, lakini visanduku vile vinachanganyikiwa kabisa. Mama Béatrice alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Banalia kuwachukua ndugu wa harusi. Mume wake alikuwa mtoni. Nikatoka barazani, nikaichomoa friza, nikarudi mbio.

Nakuambia, picha ilisafika hata nikaona kishikizo kilichokatika kwenye shati la yule bwana. Alisifu. Akasema tutapanga jaribio la pili, na wenzake wawepo.

Kurudisha plagi ya friza kungenichukua muda wa kupiga chafya. Sikuirudisha. Nilitoka nikaenda mjini kuwaambia rafiki zangu kwamba wanazungumza na mtu mkubwa. Nikanywa, nikalala. Jumamosi nikawaambia na wale wasioniuliza. Jumapili baada ya misa ndipo nilipopita barazani, nikaona plagi imelala sakafuni.

Nilifungua friza. Harufu ilinijibu kabla sijaona kitu.

Ndani mlikuwa na samaki aina ya kapiteni na ngolo ambao mume wa Mama Béatrice aliwakusanya muda mrefu. Maji yalikuwa yamejaa na samaki walikuwa adimu. Mzee yule alishinda juu ya majabali ya mtoni akitega mitego ili binti yake aolewe kwa heshima. Na mimi nilifanya nini? Nilifunga friza, nikachomeka plagi, nikaenda kunawa mikono.

Mama Béatrice alirudi jioni ileile na ndugu zake. Kilio chake nilikisikia kutoka chumbani. Aliponiita, nilikuja na bisibisi.

"Ingénieur, angalia," alisema akiigonga friza. "Congélo iko nalia, courant iko, lakini samaki yote imeoza. Njo nini hii?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema. Watu walikuwa wachache, aibu ingekuwa ya saizi yangu. Badala yake nikapiga magoti nyuma ya friza, nikafungua skrubu moja, nikaifunga tena ileile, nikainuka na sura ya msiba.

"Mama, injini imechoka," nikasema. "Ni mashine ya Tonton Rashidi. Inavuta umeme kwa nguvu, bon, kila ikivuta, injini ya friza inaumia. Imeumia polepole mpaka ikasimama. Mimi nimeiamsha sasa, lakini samaki wamekwenda."

Kila neno lingeweza kuwa kweli, kwenye parcelle nyingine. Ndiyo maana liliaminika. Na sikia haya uone nilivyo: Mama Béatrice aliniletea chikwangue, mkate wa muhogo, kunishukuru kwa kuitengeneza friza. Nikaipokea. Nikaila.

Tonton Rashidi aliporudi kutoka matanga, walimngoja uani. Mama Béatrice hakumtukana, alimwambia tu huku akilia, "Tonton, mashine yako imeniulia samaki ya mutoto." Mzee alinigeukia mimi. Nilitazama viatu vyangu.

"Ingénieur, ni kweli iko mashine yangu?"

"Kiufundi, ndiyo, Tonton."

Kiufundi! Neno hilo bado linaniamsha usingizini.

Akasema, "Kama weye unasema, basi iko vile. Mimi sikusoma mambo ya courant." Wiki ile akapakia mashine na vyuma vyake kwenye toleka, yale mabaiskeli ya abiria, akahamia upande wa barabara ya Bangboka. Wateja wake wote aliwaacha nyuma.

Harusi ilifanyika. Familia ya wavuvi wa maporomoko, watu ambao babu zao walilisha mji huu, ilipakua makayabu, samaki wa chumvi wa kununua dukani. Upande wa bwana harusi mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama mto umekauka. Watu walicheka. Baba wa bibi harusi hakucheka. Alikuwa ameinamia sahani yake. Nami nilikuwepo, ndugu yangu, nimekaa meza ya mbele kama mgeni wa heshima aliyeokoa friza. Nilikula sahani mbili.

Jaribio la pili likafika. Kisanduku cha pili kilikuwa bado ndani ya nyumba tupu ya Tonton Rashidi, na safari hii nilitaka kila mtu aone. Nilipanga viti uani, nikaweka spika kubwa ya kanisa ili sauti isikike hadi barabarani. Mama Béatrice alikuja na mume wake, majirani wakajaa. Bwana wa Kinshasa alionekana na wenzake wawili, na palepale picha ikaanza kukatakata.

"Siku ile ilikuwa safi," alisema kwa vipande. "Leo kuna nini?"

Hapa ndipo kiburi kilipozungumza kabla ya akili. Niliogopa yule bwana kuniona sijui kazi kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nikajibu kwa sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka, mbele ya spika ya kanisa:

"Patron, si kosa la visanduku. Ni friza ya jirani. Siku ile niliichomoa, ndiyo maana ikawa safi."

Injini ya friza, kama zinavyofanya friza zote, ikapumzika wakati uleule. Picha ikasafika. Wale mabwana watatu wakatuona vizuri, nasi tukawaona.

Mama Béatrice aliinuka polepole. "Weye njo ulichomoa?"

Nilijaribu kusema jambo juu ya voltage.

"Miye nakuuliza. Ilikuwa weye?"

"Ilikuwa mimi, Mama."

Mume wake, mzee ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno mengi, aliuliza swali moja tu: "Na Rashidi?"

Yule bwana wa Kinshasa alikohoa, akasema yeye hawezi kumkabidhi waya wa mtaa fundi anayeficha chanzo cha hitilafu. Akakata. Clarisse alikunja viti kimoja kimoja bila kunitazama, na kwa muda mrefu baadaye alizungumza nami mambo ya chumvi na mkaa tu.

Mama Béatrice hakunipeleka kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu. Aliniamuru nipite mlango kwa mlango, kwenye avenue nzima, niseme kwa mdomo wangu kwamba Tonton Rashidi hakukosa. Nikapita. Milango yenyewe niliyokuwa nabisha ni ile aliyoitengeneza yeye. Wengine walinihurumia, wengi walicheka, na nikatoka huko na jina jipya: Ingénieur Congélo. Watoto wanaliimba nikipita.

Halafu nikaenda Bangboka. Nilimkuta Tonton amekaa chini ya bati, mashine imenyamaza. Kule anategemea jenereta ya jirani, na jenereta inategemea moyo wa mwenyewe. Nikamweleza yote. Aliendelea kufuta miwani yake ya kazi.

"Nilikuwa matanga," alisema mwishowe. "Mashine ilikuwa imezimwa. Nilijiuliza kila siku, vile mashine imezimwa inaweza uwa congélo ya mutu namna gani? Alors nikasema, weye njo unajua, mie sijue. Nikaanza kuogopa kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa nawasha mashine na nafikiri nani tena niko naharibia kitu."

Nilimwomba arudi. Alisema atafikiri. Mama Béatrice naye alikwenda kumwomba msamaha, akarudi na jibu lilelile. Nyumba ya Tonton imepata mpangaji mwingine sasa.

Visanduku vyangu viko kwenye katoni chini ya kitanda. Sisemi intaneti ya nyaya za umeme ni uongo. Pengine mtu mwenye akili zaidi ataifikisha hapa siku moja, akianza kwa kuwauliza majirani wana nini barazani.

Ila wewe unayesoma, hasa wewe unayeitwa Ingénieur, Docteur, Prof au Pasta: mtu asiye na cheo akidanganya, watu watamhoji na kumkagua. Uongo wako wewe hakuna atakayeukagua. Utapokelewa kwa heshima, utaletewa na chikwangue, na yule uliyemsingizia ataubeba mpaka ajishuku mwenyewe. Omba msamaha mapema, watu wakiwa wachache uani. Usingoje spika ya kanisa.