Mkorosho wa Mama na Bomba la Somo Yake

Mkorosho uliokuwa kwenye kona ya kiwanja chetu, hapa Nachingwea, ulikatwa kwa ridhaa ya mama mwenyewe, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mafundi walisema bomba la mtaa halina pengine pa kupita. Kulia mwamba, kushoto mashimo ya vyoo vya majirani. Mama aliahidiwa kwamba koki itawekwa papo hapo, konani kwake. Goti lilikuwa limeshaanza kumsumbua, na njia ya kisima cha bondeni haina huruma.

Aliyemwahidi alikuwa somo yake, mjumbe wa kamati ya maji. Walitoka unyagoni siku moja, na tangu hapo hawakuitana kwa majina, ni "somo" tu. Nilimshauri mama amwite mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Akanifokea.

"Mimi na somo tuwekeane mashahidi? We mtoto umerogwa?"

Mtaro tuliuchimba kwa msaragambo, mtaa mzima, wanawake wakimtania mama kwamba sasa ataoga kama bibi harusi. Msimu wa korosho ukafika, tukaenda shambani Chiola. Tuliporudi, mtaro ulikuwa umefukiwa. Ulipita pale ulipokuwa mkorosho, ukaendelea mbele, ukaishia uani kwa somo. Koki imezungushiwa mabati, geti lina kufuli.

"Huko nje watoto wangeiharibu, somo," alisema bila haya. "Mkitaka maji mpige hodi tu."

Uongo mtupu. Choo chake kipya kilikuwa cha kuvuta maji, na sisi tunaingia chooni na kopo la maji ya kisimani, tena ya kubania. Nilitaka kumpasha, mama akanishika mkono, tukaondoka.

Aliendelea kujikokota bondeni. Siku goti lilipokataa kabisa, alibeba ndoo akaenda kwenye geti lile, mimi nyuma yake.

"Hodi, somo."

Ndani maji yalikuwa yakimwagika kwenye ndoo. Akapiga hodi tena.

"Nani?" somo akauliza.

Mama alibaki ameyakodolea macho yale mabati. Yule mwanamke aliijua sauti ya mama tangu wakiwa mabinti, wamefungiwa nyumba moja.

"Jirani," akajibu. "Naomba maji."