Faruku Mdomo na Filimbi ya Baba Mkwe

Chuo cha ualimu alichosoma Faruku kilikuwa na mpira mmoja wa ngozi, jezi kumi na tatu na mwalimu wa michezo aitwaye Walter, ambaye aliamini kwamba mchezaji mzuri hufunga mdomo. Basi kwa Faruku alipatikana.

Kijana huyo wa Chiwata alikuwa mwembamba, miguu imepinda kidogo, kiungo wa jezi namba nane. Mbio hakuwa nazo za kutisha, na mashuti yake yalikuwa ya kawaida tu. Alichojaliwa ni macho na mdomo. Kabla mpira haujamfikia alishajua wenzake wote wako wapi na wapinzani wote wanataka nini, na alikuwa anawaambia watu papo hapo, bila kukoma. "Geuka, nyuma yako! Achia! Kulia kuna shamba, peleka kulia!" Walter akachoka. Akamwekea adhabu: kila neno uwanjani, mzunguko mmoja wa uwanja baada ya mazoezi. Siku ya kwanza Faruku alizunguka mara arobaini na moja, na mizunguko ya mwisho alikuwa akijitangaza mwenyewe anavyokimbia.

Mechi iliyofuata alinyamaza kama alivyoamriwa. Chuo kikafungwa manne kwa bila. Mabeki waligongana, mawinga walikimbilia upande mmoja, na Faruku katikati ya uwanja alikuwa amevimba mashavu kwa maneno yaliyokosa njia. Mapumzikoni Walter hakumtazama. Siku ya pili yake akamwita.

"Faruku."

"Naam, mwalimu."

"Ongea."

Hakusema zaidi, na kwa mtu wa aina ya Walter hayo yalikuwa mengi. Mwaka ule chuo kilichukua kombe la vyuo vya kusini. Faruku alifunga goli moja tu katika mashindano yote, lakini magoli yaliyotokana na mdomo wake wachezaji walishindwa kuyahesabu. Jina la Faruku Mdomo likaanzia hapo, naye alilivaa kwa raha zote.

Shirika moja la umma kule Mtwara lilikuwa na timu Ligi Daraja la Kwanza. Wakamchukua. Kwenye karatasi alikuwa karani wa ghala, ila ghala lenyewe aliingia mara mbili, mara ya pili akitafuta alikosahau njumu zake. Misimu mitano alicheza ligi. Alisafiri Songea, Tanga, Mwanza, akalala kwenye mabenchi ya treni na kuamka kucheza. Alikuwa mzuri, na alijua ni mzuri, na hakuona sababu ya kujifanya hajui.

Halafu upepo wa nchi ukageuka. Mashirika yakauzwa. Wenye nguvu wakasema serikali haina biashara ya kufanya biashara, na mwenye mali mpya wa lile shirika akapita na daftari akiuliza kila kitu kinaleta nini. Mashine hii inaleta nini? Gari hili? Alipofika kwenye timu hakuuliza hata mara mbili. Wachezaji ishirini na wawili walikabidhi jezi asubuhi moja, zikiwa zimefuliwa na kukunjwa, na Faruku alilia mbele ya watu bila kuona haya. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na tisa. Timu nyingine zilitaka vijana.

Akarudi Masasi, akafundisha shule ya msingi, akamwoa Stamili, binti wa Newala, wakajaliwa mtoto, Esha. Maisha hayakuwa mabaya. Lakini mtu aliyezoea kuongoza watu kumi kwa sauti hawezi kutulia na jedwali la kuzidisha. Kila Jumamosi alikaa pembeni ya uwanja akieleza mchezo kwa yeyote aliyekaa jirani, aombwe asiombwe. Watu walianza kumfuata. Wazee wasioona vizuri walitengewa nafasi karibu yake.

Ndipo ikafunguliwa Redio Upeo pale Masasi mjini, maana sasa hata mtu binafsi aliruhusiwa kuwa na redio. Msimamizi wake alikuwa Mama Getrude, mwalimu mstaafu wa Lukuledi, mwanamke mfupi asiyekopesha tabasamu. Alipomsikia Faruku pembeni ya uwanja alimwita kando.

"Mwalimu, fainali ya kombe la wanunuzi wa korosho tunaitangaza moja kwa moja, Lukuledi na Nanganga. Nakupa mechi hiyo moja. Ukiiweza, kazi ni yako na chaki unaaga. Ukishindwa, tusisumbuane."

"Nitaiweza, mama."

"Sijamaliza. Msikilizaji hana macho. Macho yake ni wewe. Ukimdanganya mara moja tu, mimi na wewe basi."

Faruku hakulala vizuri wiki ile, si kwa woga, kwa hamu. Hiki ndicho alichozaliwa kukifanya, alikuwa na hakika nacho kuliko alivyokuwa na hakika na jezi namba nane.

Siku ya fainali waya wa simu ulivutwa kutoka ofisi ya jirani, ukaishia kwenye kona ya uwanja, haukufika katikati. Basi meza yake ikawekwa pale pale konani, sawasawa na mstari wa goli. Alikuwa anapanga karatasi zake Mama Getrude alipomletea habari: mwamuzi aliyepangwa amepatwa na homa, ameletwa mwingine kutoka Newala.

Faruku akainua macho. Mwamuzi huyo alikuwa anakuja kumsalimia, filimbi shingoni, soksi zimevutwa hadi magotini. Alikuwa Mzee Bwanali, baba yake Stamili.

"Shikamoo, baba," Faruku alisema, akiwa ameinama.

"Marahaba. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo, baba."

Mzee akaenda zake. Kwa watu wa huku, jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwa mkwewe. Halitajwi nyumbani, halitajwi shambani, na hakuna aliyewahi kufikiria kulitaja kwenye redio kwa kuwa redio haikuwepo. Faruku alisoma majina ya wachezaji ishirini na wawili kwa mbwembwe zote, akawataja washika vibendera, kisha akafika kwa mwamuzi.

"Na mwamuzi wetu wa leo ni... Baba Stamili, kutoka Newala."

Mama Getrude alimsogezea karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: JINA. Faruku akatikisa kichwa. Mama Getrude akaigonga kwa kalamu. Faruku akaigeuza karatasi, akaendelea kutangaza. Pembeni ya uwanja watu wengi walikuwa na redio mikononi, wanatazama mpira huku wanausikiliza, na kicheko kikapita uwanja mzima. Wenye kujua ukwe walimwelewa.

Zaidi ya hapo alitangaza kama aliyetumwa. Mpira ulipokuwa bado hewani alishasema utaangukia wapi. Kipindi cha pili Nanganga wakapata goli, na sauti yake ikapanda hadi Mama Getrude akasahau kalamu.

Dakika ya themanini na nane winga wa Lukuledi alipiga shuti kali. Mpira uligonga mtambaa wa panya, ukashuka chini, ukadunda, ukarudi uwanjani. Vumbi likatimka. Mshika kibendera alikuwa amezibwa na watu waliosogea. Mzee Bwanali alikuwa nyuma, karibu na duara la kati, anahema. Akapunga mikono: mchezo uendelee.

Faruku alikuwa amekaa sawa na mstari. Aliuona mpira ukidundia ndani, hatua nzima ndani.

Akanyamaza. Ilikuwa mara ya pili maishani mwake kunyamaza mpira ukichezwa. Upande wa Lukuledi watu walishasimama, na mikono iliyoshika redio ilizisogeza masikioni. Wanamngoja yeye. Akisema si goli, amedanganya, na Mama Getrude aliyekaa naye ameona vilevile. Akisema ni goli, amemvua nguo baba mkwe wake mbele ya wilaya nzima, na kule pembeni mawe yalikuwa mengi. Alimwogopea mzee yule, akaiogopea nyumba yake, na kazi ile aliitaka hadi inauma.

"Wasikilizaji," alisema, "mpira umevuka mstari. Nimekaa sawa nao, nimeuona kwa macho yangu. Lile ni goli, na mwamuzi amekosea."

Uwanja ukanguruma. Faruku hakuuachia nafasi.

"Amekosea, sikusema amehongwa! Alikuwa mbali, vumbi limemziba. Na nyinyi wa Lukuledi wenye redio hapo, nawaona, wewe wa shati la kijani weka hilo jiwe chini! Huyu ni mkwe wangu. Anayetaka kumgusa aanze na mimi, niko hapa kwenye kona, na sina mbio!"

Mwenye shati la kijani alitazama jiwe lake, akatazama kona, akalidondosha. Mtu mmoja akacheka, halafu kumi. Mchezo ukaisha Nanganga wakiwa mbele kwa moja, na Mzee Bwanali akatoka uwanjani kwa miguu yake, hakuguswa na mtu.

"Kazi ni yako," Mama Getrude alisema akikunja waya. "Ila wewe ni mbishi."

Furaha ile aliifikisha nyumbani ikakutana na Stamili mlangoni, redio imezimwa.

"Umemwambia baba amekosea, Baba Esha. Redioni! Newala nzima imesikia."

"Alikuwa amekosea, mama."

"Najua. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Kesho yake, Jumapili, walipanda Newala wote wawili, pamoja na jogoo na mchele wa kuombea radhi. Faruku alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, macho chini. Mzee Bwanali alimwacha akae hivyo muda mrefu, hata jogoo akaanza kulalamika.

"Nimekuja kuomba radhi, baba. Nimekukosea adabu mbele za watu."

"Uliniona niko wapi?"

"Karibu na duara la kati, baba."

"Na mpira?"

Stamili alikuwa amesimama uani, anasikia.

"Hatua nzima ndani, baba."

Mzee akashusha pumzi.

"Miaka ishirini na miwili napuliza filimbi," alisema. "Nimeitwa mwizi. Nimeitwa kipofu. Nimekimbizwa hadi nikavuka mto na viatu. Hajatokea mtu akaniambia nimekosea, basi, kisha akasimama upande wangu. Barua ya chama cha mpira nimeshaiandika jana. Nimeeleza kwamba lilikuwa goli. Watajua wenyewe la kufanya."

Faruku akainua macho kutoka kwenye mkeka.

"Jumamosi ijayo nachezesha hapa hapa Newala," mzee akaendelea. "Redio yenu inakuja?"

"Inakuja, baba."

"Na nikikosea tena?"

"Nitasema, baba."

"Sema. Lakini jana sauti yako ilikuwa na huruma, niliisikia kwenye redio za watu. Mimi ni mwamuzi, si mgonjwa. Ukisema nimekosea, sema kwa sauti ileile uliyotangazia goli la Nanganga."