Tundu Chini ya Yungiyungi

Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 1931, sikukuu ya kuzuru makaburi ikiwa imekaribia, karakana ya Bwana Pan mjini Suzhou ilikuwa na watu sita, wote wamesimama, wala hapakuwa na aliyekuwa akifanya kazi. Walikuwa wakiutazama udi uliozimika.

Chetezo kilikuwa cha jade nyeupe, kirefu mfano wa kipande cha mwanzi. Fundi Lu Genfu alikuwa akikichonga tangu majira ya baridi: wazee wawili wakicheza kete chini ya msonobari, korongo akiwachungulia, na mawingu yaliyotobolewa ili yapitishe moshi. Kitako alikuwa amekiacha kizima, akakichonga ua la yungiyungi lililochanua. Maisha yake yote alikuwa mchongaji wa vikopo vya kalamu, na kikopo cha kalamu hakitobolewi chini. Basi udi ulipowashwa ndani, ukakosa hewa, ukafa.

"Umemchongea marehemu Bwana Qiu kaburi la pili," alisema Bwana Pan. "Kitoboe sasa hivi. Kikipasuka, Genfu, ujue umekwisha kula chakula chako cha mwisho hapa."

Genfu alikuwa amepita hamsini. Karakana gani nyingine ingemchukua? Aliketi penye keekee, akatia maji na mchanga mkali, lakini ncha haikutulia juu ya jiwe.

Mara akaingia mwenye chetezo, mjane wake, Mama Qiu, na kapu lake la madonge ya kijani ya mchele. Bwana Pan akaanza kutafuta maneno. Genfu hakumngoja.

"Mama, kosa ni langu. Sikukiachia pa kupumulia. Nikikitoboa, huenda kikapasuka."

Mama Qiu alikigeuza, akalitazama lile ua. "Kiko cha marehemu kilikuwa kikizimika kila siku, na kila siku nikilaumiwa mimi. Leo nimepata mwenzangu!"

Akaketi mkabala naye, akapandisha mikono ya nguo, akakishika chetezo kwa viganja viwili.

"Toboa, kaka. Kikivunjika, kimevunjika mkononi mwangu. Bwana Pan, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi sogea, unatuzibia mwanga."

Safari hii ncha ikatulia. Keekee ililia kwa muda mrefu. Ufa mwembamba kama unywele ulikimbia kwenye petali moja, ukakoma hapo. Kisha ncha ikatokeza upande wa pili. Udi ukawashwa tena, na moshi ukapanda taratibu kati ya wale wazee.

Genfu alimwinamia mjane. Tangu mwaka ule hadi alipofariki, kila sikukuu alikwenda kumwashia udi Bwana Qiu, mtu ambaye hakupata kumwona, kama mtu wa nyumbani.

Siku ile walikula madonge wote pamoja, Mama Qiu akaondoka na chetezo chake, na mafundi wakashika njia za makwao. Karakanani wakabaki watu wawili: Bwana Pan, na Lu Genfu, fundi wake.