Meza Tukuone

Baba yangu akifika kwenye mizani ya kahawa hupanda yeye kwanza. Uzito wake anaujua, alipimwa zahanati, na mizani ikisema vingine anabeba magunia yake na kurudi nayo nyumbani. Makarani walishamzoea. Mimi nilirithi macho yake. Chuoni, ambako nilikuwa nasomea kilimo, tulipofika kwenye somo la mawasiliano nilimsikiliza mhadhiri huku nimekunja uso. Alitufundisha kwamba mkalimani hana upande: hapunguzi, haongezi, na husema "mimi" kana kwamba yeye ndiye mwenye maneno. Niliandika yote, nikafaulu, lakini moyoni nilijiuliza kama mwalimu huyu aliwahi kukaa hata kikao kimoja cha wakulima wa kahawa Umatengoni.

Mwaka wa tatu nilifanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya kahawa pale Mbinga mjini. Msimamizi wangu, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akaniita akaniambia kuna mnunuzi anakuja kutoka Ulaya, kahawa anaichukua kwa wakulima wenyewe, nami nitakuwa mkalimani wake. Kikundi chenyewe ni cha Kitura, kijijini kwetu. Nikamwambia mwenyekiti wa kikundi hicho ni baba yangu mzazi.

"Vizuri sana," akasema. "Watakuamini."

Hapo nikajua mama huyu hajawajua watu wetu. Mtoto aliyesoma akirudi na mgeni ndani ya gari, swali la kwanza ni amepewa nini huko. Na safari hii walikuwa na sababu ya kuuliza. Baba ndiye aliyewashawishi wenzake wasiuze kwa walanguzi, wamngoje huyu mgeni. Kahawa yote ya kikundi ilikuwa imelala stoo kwetu. Mgeni akiikataa, baba angekuwa ndiye aliyewaponza majirani zake, na pale kijijini angeishi na jambo hilo mpaka kufa.

Siku ya kwanza mgeni aliomba kuona Ziwa Nyasa, tukamteremsha hadi Mbamba Bay. Akala samaki aina ya mbasa wa kuchoma pamoja na akina mama waliomuuzia, sinia moja, mikono inagongana. Alifurahi kama mtoto. Mimi nilimtazama tu. Nilijua mtu akicheka sana siku ya kwanza, ya pili huja na maswali.

Kesho yake tukapanda Kitura. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye uwanja wa nyumba yetu. Nikaamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine, wakaniuliza habari za mjini, za masomo, za mvua ya huko. Mgeni akaninong'oneza wanasema nini. Nikamwambia wanasalimia. Baada ya muda akauliza tena. Nikamwambia bado wanasalimia.

Akaanza kuzungumza, nami nikaanza kutafsiri kama nilivyofundishwa. "Mimi nimefurahi sana kufika hapa. Nimetoka mbali."

"Mbali wapi?" akadakia baba mdogo. "Wewe si umetoka Mbinga leo asubuhi?"

Uwanja mzima ukacheka. Toka hapo nikawa nasema "mgeni anasema", na somo la chuo likaishia hapohapo.

Mama akaleta chupa za chai ya tangawizi na sahani za viazi vitamu. Mgeni naye akatandaza vyake mezani: kahawa yetu aliyopelekewa mjini kama sampuli akaikaanga mwenyewe, kinu kidogo, birika na vikombe vyeupe. Akamimina maji ya moto, akangoja. Kisha akainama, akatia pua karibu kabisa na kikombe, akanusa.

Nikaona mama anageuza uso. Kwetu hunusi chakula cha watu. Ukinusa umesema kimeoza, au umesema jambo baya zaidi. Mgeni akachota kwa kijiko, akafyonza kwa kishindo, akasukasuka mdomoni, halafu akatema kwenye kopo. Akahamia kikombe cha pili, akatema. Cha tatu, akatema.

Wazee wakaacha Kiswahili, wakaingia Kimatengo. Walisema huyu anaogopa kuwekewa kitu. Walisema mtu anayekuogopa hivyo huenda amekuja na lake.

"Wanasema nini?" akauliza mgeni.

"Wanajadiliana," nikasema.

Akanikazia macho. Nilijua hakuniamini, na hakukosea. Ndipo akauliza la kwake. Jana ziwani wanaouza samaki walikuwa wanakula samaki. Hawa wanalima kahawa, mbona wote wanakunywa chai? Akageukia ukutani, palipoegemezwa bomba la kupulizia dawa, limebaki na madoa ya buluu ya mrututu tunaopigia kutu ya majani. Akauliza kama kuna kitu kwenye kahawa hii ambacho wenyewe wanakijua.

Ningeweza kuwaelewesha wote wawili. Waonjaji wa kahawa hutema, ndiyo kazi yao, mimi mwenyewe nimefundishwa. Na watu wetu hawanywi kahawa kwa sababu hawakuwahi kuinywa, basi. Lakini sikuwaeleza, na sababu haikuwa lile somo la mhadhiri. Nilikuwa nawashuku wote. Mgeni nilimshuku anatafuta kisingizio cha kuikataa. Wazee wangu niliwashuku kuna mmoja amechomeka kahawa ya mwaka jana katikati ya magunia. Nikatafsiri swali lake kama lilivyo, na madoa ya buluu nikayataja.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Mwambie ameze."

Nikamwambia. Mgeni akacheka, akaeleza kwamba mwonjaji hamezi, akimeza vikombe vyote atashindwa kulala. Nikatafsiri.

"Ameze," akasema baba. "Mwambie hatumlishi sumu."

Neno sumu nililipeleka vilevile, bila kulipunguza makali. Mgeni akawa mwekundu. Akalitazama bomba, akamtazama baba, akasema atameza ikiwa na mzee atameza.

Nataka ieleweke kwamba baba yangu alikuwa hajawahi kunywa kahawa maishani mwake. Tumeichuma, tumeimenya, tumeianika, tumelala nayo chumba kimoja mvua ilipotishia, lakini kikombe hakikuwahi kupita mlangoni kwetu. Akakipokea kwa mikono miwili na kukipiga chote kwa mara moja, bila sukari. Uso ukamkunjamana kama mtoto aliyemezeshwa kwinini. Hakutema. Akafungua mdomo, akawaonyesha wenzake, kisha akamwonyesha mgeni.

Mgeni naye akanyanyua kikombe. Baba akasimama, akamsogelea, akainama kumtazama koo mpaka akaona koromeo limepanda na kushuka.

"Kameza," akawatangazia.

Watu wakapumua. Chai ikaanza kumiminwa tena, na mgeni akala viazi vitatu. Kabla hajaondoka akasema kahawa ataichukua yote, na baadaye kweli aliichukua.

Gari lilipoondoka mimi nilibaki, niliomba ruhusa nilale nyumbani. Nilitegemea baba angenishukuru. Alikaa kwenye kigoda chake, akaniuliza:

"Ulimwambia yote tuliyosema?"

"Karibu yote, baba."

"Na ya kwake, ulituambia yote?"

"Karibu yote."

Akaitikia kwa kichwa. "Huko chuoni na nyie mnaonja kahawa?"

"Tunaonja."

"Mnameza?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka.

"Tunatema."

"Hata ikiwa ya kwetu?"

"Hata ikiwa ya kwetu."

Hakufoka. Akainuka hadi mezani, akakuta kikombe kimoja mgeni hakukigusa, kimeshapoa. Akaja nacho, akanikabidhi.

"Meza."

Niliumia, tena sana. Huyu ndiye aliyenisomesha kwa mibuni hiyohiyo, na mimi ndiye niliyesimama katikati mchana kutwa kwa ajili yake. Nikanywa yote. Baba akainama, akanitazama koo mpaka nilipomaliza, kisha akageuka akamwambia mama aliyekuwa mlangoni:

"Kameza na huyu."