Kilomita Mbili Tangu Kufutwa

Jina la Bi Kebo hakupewa kwa heshima. Walimpachika mafundi wa gereji, miaka sita iliyopita, alipowaendea na laptopu kwapani akawaambia kwamba gari lake halikuwa na ugonjwa wa pampu, kama walivyomwaminisha mara tatu, bali waya mmoja tu umekatika. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Waya ulikuwa umekatika kweli, lakini hakuna aliyemwomba radhi, na jina likabaki.

Kabla ya kustaafu alikuwa mtunza maabara wa shule kwa miaka ishirini na minane, mtu wa kuosha chupa, kupima, na kuandika alichopima. Baada ya kustaafu aliendelea vilevile, ila sasa alipima magari ya majirani, na ofisi yake ikawa meza ya kulia chakula. Alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuvuruge. Kwanza aliandika kwenye daftari kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Kisha alichomeka kebo kwenye tundu lililo chini ya usukani, akasoma makosa yote ambayo kompyuta ya injini imeyaweka kwenye kumbukumbu. Halafu alitoa nakala ya programu nzima ya kompyuta hiyo na kuihifadhi kwa tarehe. Baada ya hapo ndipo aguse kitu, kama kuna cha kugusa, na mara nyingi hakikuwepo. Watu walimjia wakitaka awaongezee nguvu ya injini kwa kubadili namba humo ndani, yeye akawarudisha nyumbani wakabadilishe plagi.

Sasa mtu huyo, na madaftari yake yote, ndiye aliyeambiwa Jumapili mchana, mbele ya mama yake mzazi, kwamba ameharibu gari la mtu.

Aliyesema hivyo ni mdogo wake wa mwisho, ambaye kazi yake ni kupeleka watoto wa mtaa shuleni. Ana kigari cha mlango wa kusukuma, na humo hukaa watoto tisa. Wiki tatu nyuma kigari kilianza kuishiwa nguvu ghafla: unakanyaga mafuta, chenyewe kinajikokota. Dada mtu alikipima akakuta sensa mbili zilizo ndani ya pedali ya mafuta zinapingana. Moja inasema dereva amekanyaga, nyingine inasema hajakanyaga. Kompyuta ikishindwa kujua imwamini nani huibana injini na kuwasha taa ya njano kwenye dashibodi.

"Pedali ibadilishwe," alimwambia siku ile. "Na kabla haijabadilishwa, usipakie mtoto wa mtu. Likikufia katikati ya kulipita lori, utakuja kusema nini?"

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa akaondoka. Leo amerudi, amesimama mlangoni, ufunguo unazunguka kidoleni.

"Nimeshatengeneza. Nilikwenda ile gereji kubwa ya upande wa pili wa mji, tangu Alhamisi. Wamesema kompyuta ilichezewa. Wameiseti upya, taa imezimika. Dada, mimi sitaki ugomvi, ila naomba gari langu usiliguse tena."

Mama yao alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliacha. "Kwani uliichezea, mwanangu?"

Hapo damu ikamchemka Bi Kebo. Kusingiziwa na mafundi alishazoea. Lakini mama yake kumuuliza vile, tena kwa upole, kama anayemuuliza mtoto aliyevunja kikombe!

"Lete ufunguo."

"Dada, si nimekwambia..."

"Lete ufunguo, nimesema!"

Alitoka na kebo na laptopu, na mdomo haukutulia njiani. Mafundi wa kukaa ndani ya viyoyozi na vioo! Ovaroli zimepigwa pasi, kichwani hamna kitu! Alichomeka kebo, akatoa nakala mpya ya programu, akailinganisha na ile aliyoihifadhi wiki tatu nyuma kabla hajagusa chochote. Laptopu ilizipitia namba zote, moja baada ya nyingine, kisha ikatoa jibu: hakuna tofauti.

"Mama, njoo uone!" Mama yao alikuwa ameshafika barazani na mkongojo wake. "Ningekuwa nimechezea mimi, ingeonekana humu. Wangekuwa wameiseti wao, ingeonekana humu. Hakuna hata namba moja iliyobadilika! Wamefuta makosa, basi, taa ikazimika. Kufuta ni kubonyeza kitufe kimoja, hata wewe mama unaweza. Halafu wananitupia mimi! Kesho asubuhi nakwenda hukohuko, nikawaumbue mbele ya wateja wao."

"Ya nini kwenda, dada?" mdogo wake akadakia. "Yaishe tu."

Alidakia haraka mno. Bi Kebo alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye laptopu. Kompyuta ya injini ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: makosa yakifutwa, inaanza kuhesabu upya gari limetembea kilomita ngapi tangu yafutwe. Ukurasa huo alikuwa hajaufungua. Aliufungua akitafuta ushahidi wa kuwabana nao mafundi. Gereji ile iko kilomita kumi na tisa kutoka pale, na gari limetoka huko tangu Alhamisi.

Kompyuta ilisema kilomita mbili.

Alisoma tena. Mbili. Kutoka pale hadi nyumbani kwa mdogo wake ni kilomita mbili.

Alifungua kidroo cha dashibodi, akapekua karatasi za pipi za watoto, na chini yake akakuta kidude cheusi kidogo kama kiberiti, vile vinavyochomekwa kwenye tundu lile lile na kuongea na simu, mtu akafuta makosa mwenyewe. Alikishika mbele ya uso wa mdogo wake.

"Kila siku?"

Mdogo wake aliangalia viatu vyake. "Asubuhi, kabla sijampakia mtoto wa kwanza. Leo nimefuta kwa sababu nilikuwa nakuja kwako. Wazazi waliiona ile taa, dada. Walianza kuniuliza maswali."

"Na gereji?"

"Sijaenda."

Wiki tatu! Watoto tisa kila asubuhi, mlima ule wa kwenda shule, malori yakiteremka upande wa pili. Na ametafuta wa kumbebesha lawama, akamwona dada yake, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga.

Bi Kebo alichukua spana, akafungua boneti, akalegeza nyaya za betri. Akachomoa plagi mbili pana za nyaya, akaitoa kompyuta ya injini, kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu, akaingia nacho ndani na kukiweka kwenye sinia la chai mbele ya mama yao. Bila kisanduku hicho, kigari kile kingefaa kufugia kuku.

"Kaa. Toa simu. Wapigie wazazi mmoja mmoja, uwaambie kesho hakuna gari, na uwaambie kwa nini. Weka spika."

"Dada, utaniaibisha."

"Kaa chini," mama yao akasema.

Mdogo mtu alianza na Mama Pacha, kwa kuwa watoto wake ni wawili. Simu ilipokewa upesi.

"Ehe, dereva wetu! Afadhali umepiga. Yule dada yako ameshaacha kuichezea hiyo kompyuta ya gari? Maana tangu ulipotuambia, sina amani na wanangu. Mtu mzima na mvi zake, hana hata aibu!"

Mama yao aliinamisha kichwa. Mdogo mtu akaifunika simu kwa kiganja na kumtazama dada yake kwa macho ya kuomba. Bi Kebo aliuondoa ule mkono juu ya simu, kidole kimoja kimoja.

"Mjibu."

"Hakuichezea, Mama Pacha," mdogo mtu akasema. "Gari bovu. Mimi ndiye niliyekuwa nazima taa."

Mama Pacha akauliza polepole, "Na wanangu wakiwa ndani?"

"Mjibu," Bi Kebo akasema. "Ukimaliza, wamebaki wazazi wa wale saba."